Motokaa ya Kijivu: Enrique Rosas na Sinema ya Mwanzo ya Meksiko

Sinema iliingia Meksiko kwa mlango wa ikulu. Tarehe 6 Agosti 1896, Wafaransa wawili waliotumwa na kampuni ya ndugu Lumière, Gabriel Veyre na Claude Ferdinand Bon Bernard, walimwonyesha Rais Porfirio Díaz picha zinazotembea katika kasri la Chapultepec, na siku nane baadaye wakafungua maonyesho kwa umma katika mtaa wa Plateros, katikati ya Jiji la Meksiko. Kabla hawajaondoka nchini walikuwa wamekwisha kumpiga picha Díaz mwenyewe, akiwa juu ya farasi na akiwa katika shughuli za kiserikali. Díaz alikuwa ameishika nchi tangu 1876, akaiachia kwa miaka minne tu, na hakuhitaji kubembelezwa ili asimame mbele ya kamera.

Nimeanza na ikulu kwa sababu ukaribu huo wa kamera na wakubwa ndio utakaotufikisha kwa Enrique Rosas, mtu aliyeacha filamu bubu mashuhuri kuliko zote nchini mwake. Filamu hiyo ni *El automóvil gris*, yaani motokaa ya kijivu, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 11 Desemba 1919. Husifiwa kama chimbuko la filamu za upelelezi za Meksiko, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini mtu akiitazama bila kujua aliyeitengeneza alikuwa amefanya kazi gani kwa miaka ishirini kabla yake, atakosa nusu ya mambo yaliyomo. Kwa hiyo twende polepole.

Chombo cha ndugu Lumière kilikuwa sanduku la mbao lenye mkono wa kuzungusha, na sanduku hilohilo lilipiga picha, likachapa nakala, na likazionyesha ukutani. Matokeo yake ni kwamba mwenye maonyesho na mpigapicha walikuwa mtu mmoja. Miongoni mwa Wameksiko wa kwanza kuifanya kazi hiyo alikuwa Salvador Toscano, mwanafunzi wa uhandisi aliyefungua ukumbi wake jijini mwaka 1897. Rosas, mzaliwa wa Puebla, aliingia mwishoni mwa muongo huo, naye kama wenzake wengi akawa mtu wa safari. Ukumbi wa kudumu ulikuwa na tatizo moja: watazamaji wale wale walichoka na picha zile zile. Ilikuwa nafuu kuhamisha maonyesho kuliko kununua filamu mpya kutoka Ufaransa, na njia za reli, ambazo chini ya Díaz zilitanuka hadi zaidi ya kilomita 19,000 kufikia mwaka 1910, ziliwezesha mtu mwenye sanduku na turubai kufika miji ambayo haijawahi kuona sinema.

Safari hizo ziliwafundisha jambo moja la biashara. Mpigapicha aliyefika mjini Jumamosi akapiga picha za watu wakitoka kanisani Jumapili, kisha akatangaza kwamba atazionyesha, alikuwa na uhakika wa kujaza hema. Watu walilipa ili wajione. Hapo ndipo ulipozaliwa mwelekeo uliodumu katika sinema ya Meksiko kwa miaka kumi na tano na zaidi: kupiga picha za mambo halisi, ya hapa hapa, ya jana na juzi, badala ya hadithi za kutungwa.

Rosas alipanda juu kwa njia hiyo. Februari 1906 Díaz alizuru Yucatán, rasi ya kusini-mashariki iliyotajirika kwa zao la heneken, mmea ulio ndugu wa karibu wa mkonge ambao Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika mwaka 1893. Matajiri wa Mérida walimwaga fedha ili mgeni wao aone barabara zilizotandazwa, matao ya maua na magwaride, na Rosas akayapiga picha yote katika *Fiestas presidenciales en Mérida*. Haikuwa tena picha ya dakika moja ya mtu akipita. Ilikuwa ripoti ndefu yenye mwanzo na mwisho, iliyofuata sherehe kwa mpangilio wake. Ilionyesha pia nchi kama mwenyeji wake alivyotaka ionekane, na wafanyakazi wa mashambani, wengi wao Wamaya waliofungwa na madeni, hawakuwa sehemu ya sherehe. Mwaka 1909 akajaribu kichekesho kifupi, *El rosario de Amozoc*, lakini hadithi za kubuni zilikuwa bado pembeni ya kazi yake.

Kisha nchi ikawaka moto. Novemba 1910 Francisco Madero aliitisha uasi dhidi ya Díaz; Mei 1911 Díaz alijiuzulu na kukimbilia Ulaya; Februari 1913 Madero, akiwa rais, alipinduliwa na kuuawa; Jenerali Victoriano Huerta aliyempindua akang'olewa katikati ya 1914. Walioshinda pamoja, yaani Venustiano Carranza kwa upande mmoja na Francisco Villa na Emiliano Zapata kwa upande wa pili, wakageukiana wenyewe kwa wenyewe kabla mwaka huo haujaisha.

Kwa wapigapicha hii ilikuwa neema ya ajabu. Ndugu wa ukoo wa Alva walimfuata Madero, Jesús Abitia akamfuata Álvaro Obregón, jenerali wa Carranza, Toscano akakusanya kila alichoweza kukipiga au kukipata, na Rosas akaenda Veracruz mwaka 1912 kurekodi uasi wa Félix Díaz, mpwa wa rais wa zamani. Wapo wanaoeleza wingi wa filamu hizi za habari kwa sababu ya mtaji: hapakuwa na studio, wala mabenki yaliyokuwa tayari kukopesha watu wa filamu, na vita haikulipisha kiingilio. Wengine husema sababu ni hadhira yenyewe, kwani wengi wa raia hawakujua kusoma magazeti na sinema iliwapa habari kwa macho. Maelezo yote mawili yana ukweli, ila ya pili nayaona yana uzito zaidi. Ukata ulikuwapo pia baada ya 1917, na bado watu walitengeneza hadithi za kubuni. Kilichobadilika ni kwamba hadhira ilikuwa imechoka na vita.

Sasa tufike mwaka 1915, kwa sababu bila mwaka huo hakuna motokaa ya kijivu.

Jiji la Meksiko liliingiwa na kuachwa na majeshi tofauti mara kadhaa katika miezi michache. Villa na Zapata waliingia Desemba 1914; Obregón akalitwaa Januari na kuliacha Machi; watu wa Zapata wakarudi; mwanzoni mwa Agosti Jenerali Pablo González, mtu wa Carranza, akaliingia na safari hii jeshi lake likabaki. Kila jeshi lilikuja na noti zake na kuzipiga marufuku za aliyetangulia, hata mshahara wa jana ukawa makaratasi asubuhi. Mahindi yaliadimika. Wanawake walipanga foleni mbele ya maduka yaliyofungwa. Wenye mali walificha dhahabu na vito ndani ya nyumba, maana hizo ndizo fedha ambazo hakuna jenerali angeweza kuzifuta kwa tangazo.

Katika hali hiyo askari kugonga mlango halikuwa jambo la kushangaza. Majeshi yote yalifanya upekuzi kutafuta silaha, wafuasi wa adui, au farasi. Ndipo likatokea genge la watu waliovaa sare za jeshi la Carranza, wakifika kwa motokaa ya kijivu mbele ya majumba ya kitajiri, mkononi wakiwa na hati za upekuzi zenye sura zote za hati halali. Waliingia kwa adabu ya kikazi, wakaikusanya familia chumba kimoja, wakafungua makabati na masanduku, kisha wakaondoka na vito. Mwenye nyumba aliyekwenda kulalamika alijikuta akiwashtaki askari kwa askari. Miongoni mwa viongozi wa genge alikuwa Higinio Granda, Mhispania, ambaye inasimuliwa kuwa alitoroka gereza la Belén wakati wa mapigano ya Februari 1913, mizinga ilipobomoa kuta zake.

Kwa nini motokaa ikabaki kichwani mwa watu kuliko hata majina ya wezi? Kwanza, ilikuwa kitu cha wachache, na mwendo wake ulimfanya mwizi asifikiwe na polisi wa miguu au wa farasi. Pili, magazeti yalikwisha kuwaandaa wasomaji. Tangu Desemba 1911, wezi wa kundi la Bonnot walipoiba mchana kweupe jijini Paris na kutoroka kwa gari, motokaa ilikuwa imekuwa alama ya uhalifu wa kisasa. Jiji la Meksiko lilipopata genge lake, jina lilikuwa kama tayari linalingoja.

Mwishoni mwa mwaka polisi walikamata washukiwa wengi. Tarehe 20 Desemba 1915 kundi la waliohukumiwa lilipelekwa kupigwa risasi hadharani, na Enrique Rosas alikuwa pale na kamera yake. Granda hakuwa miongoni mwa waliouawa. Picha hizo zikaingia katika ripoti yake ndefu ya matukio ya miaka hiyo, *Documentación histórica nacional, 1915-1916*, pamoja na safari na sherehe za serikali ya Carranza. Kwa Rosas, siku ile, kifo cha wezi kilikuwa habari kama habari nyingine.

Lakini mjini hadithi haikuzikwa na maiti. Watu waliuliza maswali mepesi yenye majibu mazito: hati zile zilitoka wapi, na ni nani aliyezitia sahihi? Kwa nini baadhi ya waliokamatwa walisamehewa kifo dakika za mwisho, na kwa nini wengine walikufia gerezani? Uvumi ulimtaja Jenerali González mwenyewe, ambaye ofisi yake ndiyo iliyolitawala jiji. Ulimtaja pia Juan Mérigo, ofisa wa jeshi, na ukadai kwamba vito vilivyoibwa vilionekana shingoni mwa María Conesa, mwimbaji na mcheza jukwaa aliyependwa kuliko wote mjini. Hakuna kati ya hayo lililothibitishwa mahakamani, na Mérigo aliishi miaka mingi akiyakana hadi akaandika kitabu. Hata hivyo, mtawala huumizwa na uvumi ambao hauwezi kupelekwa mahakamani kuliko mashtaka anayoweza kuyajibu.

Miaka miwili iliyofuata ilimgeuza Rosas kutoka mpigapicha wa habari kuwa mtengenezaji wa hadithi. Vita ilikuwa imepungua, katiba mpya ikapitishwa Februari 1917, na kumbi za jijini zilijaa filamu za Kitaliano. Wanawake wakubwa wa skrini ya Italia, Francesca Bertini na Lyda Borelli, waliigwa mavazi, mikao na hata namna ya kuegemea pazia. Mwaka huo Rosas aliungana na Mimí Derba, mwimbaji na mwigizaji, wakaanzisha kampuni ya Azteca Films. Ndani ya mwaka mmoja walitoa filamu tano: *En defensa propia*, *Alma de sacrificio*, *La tigresa*, *La soñadora* na *En la sombra*. Derba aliandika na kuigiza, na wanahistoria wengi humpa yeye uongozaji wa *La tigresa*, jambo linalomfanya mwongozaji wa kwanza mwanamke nchini mwake. Zote tano zimepotea. Tulichobaki nacho ni picha za mnato na maoni ya magazeti, na kwa hivyo swali la kama Rosas alikuwa mwongozaji mzuri wa tamthilia za mapenzi halina mahali pa kujibiwa.

Katika habari za Azteca Films tunakutana tena na Pablo González, kwani inasemwa kwamba fedha za kuanzishia kampuni zilitoka kwake. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi kuliko ilivyothibitishwa. Ila msomaji atazame mfuatano huu kabla ya kuamua. Mwaka 1915 González analitawala jiji, na Rosas ndiye anayerekodi mauaji ya wezi. Mwaka 1917 jina la González linatajwa katika kampuni ya Rosas. Tarehe 10 Aprili 1919 Emiliano Zapata anauawa kwa hila huko Chinameca na Kanali Jesús Guajardo, aliye chini ya amri ya González. Maiti yake inaanikwa Cuautla ili watu waamini, na Rosas anatoa filamu *Emiliano Zapata en vida y muerte*. Mpigapicha anayefika kila mahali ambapo jenerali mmoja ana ushindi wa kuonyesha, huyo hakufika kwa bahati tu.

Tukio la mwisho la mfuatano huo ni *El automóvil gris*. Mwaka 1919 ulikuwa ukielekea uchaguzi wa 1920, González alikuwa akijiandaa kuwania urais, na uvumi wa genge ulikuwa bado haujafa. Mwaka huohuo serikali ya Carranza ilitoa kanuni za ukaguzi wa filamu, mojawapo ya sababu zake ikiwa hasira dhidi ya filamu za Marekani zilizomwonyesha kila Mmeksiko kuwa jambazi. Ni kinaya kwamba miezi michache baadaye filamu kubwa ya taifa ikawa ya majambazi. Tofauti ilikuwa mwishoni: hapa majambazi wanakamatwa na Wameksiko wenyewe, na sheria inatimizwa.

Rosas hakuwa peke yake katika wazo hilo. Ernesto Vollrath alitoa mwaka uleule filamu nyingine yenye msingi wa genge hilohilo, *La banda del automóvil*. Vollrath alichagua njia ya kawaida, akabuni hadithi na kuipamba kwa tukio linalojulikana. Rosas alifanya kinyume. Alianza na tukio, akaiacha hadithi ifuate. Mwandishi wa mswada, Juan Manuel Ramos, alifanya kazi pamoja na Juan Manuel Cabrera, mpelelezi aliyehusika na kesi yenyewe, na Cabrera akapewa nafasi ya kujiigiza. Kamera ilipelekwa kwenye mitaa na nyumba ambamo mambo yalitokea. Filamu ilikatwa sehemu kumi na mbili, kwa mtindo wa mifululizo iliyokuwa ikitikisa dunia: *Fantômas* na *Les Vampires* za Mfaransa Louis Feuillade, mikasa ya Kimarekani ya Pearl White, na filamu za Kitaliano za Emilio Ghione.

Tutazame wizi mmoja kwa karibu. Motokaa inasimama mbele ya nyumba, wanaume wenye sare wanashuka bila haraka, na mmoja anaonyesha karatasi. Hakuna bastola inayopigwa. Nguvu ya picha hiyo imo katika utaratibu wake: mtumishi anafungua mlango kwa sababu karatasi ina muhuri. Ndani, waigizaji wanatumia mikono na macho kwa namna ya jukwaani, kwa maana Joaquín Coss na Juan Canals de Homs, waliosaidiana na Rosas katika uongozaji, walikuwa watu wa tamthilia. Nje, mambo ni mengine kabisa. Mtaa unaonekana hadi mwisho wake, wapita njia wanageuka kutazama, kuta zina nyufa za kweli. Tofauti hii imewafanya baadhi ya wahakiki waione filamu kama nguo ya viraka. Mimi naiona kama ramani ya nani alifanya nini: vyumbani inatawala kazi ya watu wa jukwaa, na barabarani inatawala ile ya mtu aliyepiga picha za mitaa kwa miaka ishirini.

Mtaalamu Charles Ramírez Berg wa Chuo Kikuu cha Texas ameonyesha jinsi Rosas anavyopanga mambo kwa kina, la karibu na la mbali yakitendeka kwa pamoja ndani ya picha moja, na akauhusisha mtindo huo na michoro ya José Guadalupe Posada. Uhusiano huo una mantiki. Posada, aliyefariki 1913, alichonga picha za mauaji, wezi, na wahukumiwa mbele ya bunduki kwa ajili ya vipeperushi vya bei rahisi vya Antonio Vanegas Arroyo, vilivyouzwa mitaani. Hadhira iliyonunua karatasi hizo kwa senti ndiyo iliyoketi kwenye viti vya sinema.

Kisha unakuja mwisho, na hapa ndipo Rosas alipofanya kitu ambacho hata Feuillade hakukifanya. Waigizaji wanafikishwa kwenye kifo chao, na badala ya kuigiza kifo hicho, Rosas anachomeka picha alizozipiga mwenyewe Desemba 1915. Watu wanaosimama ukutani si waigizaji. Kamera iko mbali kiasi cha nyuso kutotambulika, na umbali huo ndio unaouficha mbadiliko. Bunduki zinalia bila sauti, na watu wanaanguka, wala hawaanguki kama wanavyoanguka watu wa jukwaani. Hakuna mkono kifuani, hakuna kujipinda. Wanashuka chini tu, kama magunia yaliyokatwa kamba.

Hapo wanahistoria wanagawanyika. Kwa wengine filamu nzima ni kazi ya kumsafisha González: inawaonyesha wezi kama wezi tu, inampa polisi heshima, na inamaliza kwa ushahidi usioweza kubishiwa kwamba haki ilitendeka. Kwa wengine sababu ni biashara. Kisa kilikuwa midomoni mwa kila mtu, mifululizo ilikuwa ikiuza, na picha za 1915 zilikuwa tayari kabatini, hazikugharimu kitu. Sioni kwamba lazima tuchague. Fedha za jenerali na faida ya mlango ziliweza kukaa ndani ya mkoba mmoja. Lakini maelezo ya siasa peke yake hayatoshi, kwa sababu filamu ya kumsafisha mtu isingekaa sana juu ya ile karatasi yenye muhuri. Kila mara mlango unapofunguliwa kwa sababu ya karatasi, mtazamaji wa 1919 alilazimika kujiuliza lile swali ambalo filamu hailijibu. Rosas alikuwa mwandishi wa habari kwa macho, na jicho lililozoea kurekodi lilirekodi hata lile ambalo mfadhili, kama alikuwapo, angependa lisahaulike.

Filamu ilijaza kumbi. Siasa haikufuata. Aprili 1920 wafuasi wa Obregón waliasi, Mei 21 Carranza akauawa akikimbia, na González, aliyemgeuka Carranza bila kupata imani ya Obregón, alishtakiwa kwa uasi katikati ya mwaka, akaponea chupuchupu na kwenda kuishi Marekani. Rosas alifariki Agosti 1920, miezi minane baada ya uzinduzi. Hakuiona sinema ya nchi yake ikidhoofika katika miaka ya 1920, filamu za Hollywood ziliposhika karibu kumbi zote.

Urithi wake ulipita katika mikono mingi, si yote iliyokuwa na upole. Filamu za wakati huo zilikuwa za nitrati, dutu inayooza na kushika moto haraka, na *El automóvil gris* ilisalimika kwa sehemu kwa sababu iliendelea kuingiza fedha. Mwaka 1933 ilitolewa upya ikiwa imetiwa sauti na kukatwa, na mfululizo wa sehemu kumi na mbili ukageuka filamu moja ya urefu wa kawaida. Waliokata hawakuwa na nia mbaya. Hadhira ya sinema ya sauti isingekaa jioni kadhaa kutazama mkasa wa zamani. Lakini nakala ambazo vizazi vya baadaye vilizijua zilitokana na ukataji wa namna hiyo, na ndiyo maana hadithi huruka hapa na pale, mtu anaibuka bila kutambulishwa na mwingine anapotea bila maelezo.

Mwaka huohuo wa 1933 Fernando de Fuentes alitengeneza *El prisionero trece*, habari ya kanali anayepokea rushwa ili kumbadilisha mfungwa mmoja kwa mwingine, bila kujua kwamba anayepelekwa mbele ya bunduki ni mwanawe. Wanajeshi walikasirika, na De Fuentes akalazimika kuongeza mwisho unaosema kwamba yote yalikuwa ndoto ya mlevi. Tulinganishe. Kifo cha kubuni kilichomhusisha ofisa na rushwa kilipigwa kalamu. Vifo vya kweli vya mwaka 1915 viliendelea kuonyeshwa kumbini, kwa sababu vilikuwa vimefungwa ndani ya hadithi iliyoipa dola heshima yake. Ukuta, kikosi na mhukumiwa, picha ambayo Rosas aliileta ndani ya hadithi, vilibaki kuwa lugha ya sinema ya mapinduzi, na kila mwongozaji aliyefuata alipaswa kuamua nani anashika bunduki na kwa amri ya nani.

Njia nyingine ya urithi ilikuwa ya hifadhi. Mwaka 1950 Carmen Toscano aliunganisha picha za baba yake, Salvador, na alizokusanya kwa wengine, akatoa *Memorias de un mexicano*, na hapo taifa likaanza kuziona picha za wapigapicha wa safari kama mali ya historia. Chuo Kikuu cha Taifa kilianzisha hifadhi yake ya filamu mwaka 1960. Machi 1982 moto uliiteketeza Cineteca Nacional, hifadhi ya filamu ya taifa, na maelfu ya filamu ndani yake. Filamu ya Rosas ilikuwa imesambaa katika nakala za kutosha kuliepuka janga hilo, na baadaye Cineteca hiyohiyo ikaifanyia kazi ya urejeshaji, ikikusanya vipande ili kuirudisha karibu na umbo lake la mfululizo.

Mwaka 2002 mwongozaji wa jukwaa Claudio Valdés Kuri aliipa maisha mengine. Aliionyesha filamu ikiwa na piano na wasimulizi walio hai, kwa mtindo wa benshi wa Japani, wanaosimama kando ya skrini na kuwasemea wahusika wote, kazi ambayo mkazi wa Dar es Salaam au Kampala aliyekulia kwenye vibanda vya video ataielewa bila kufafanuliwa. Wasimulizi walichanganya Kijapani, Kihispania na Kiingereza, wakachekesha kwenye wizi na kwenye mapenzi, na onyesho likazunguka nchi nyingi kwa miaka.

Mtafiti anayetaka kuitumia kama ushahidi wa mwaka 1915 ana kazi tofauti. Anahitaji kuisoma kando ya magazeti ya mwaka ule na majalada ya kesi, na kutenga yale ambayo Cabrera aliyashuhudia na yale ambayo Cabrera, akiwa mwigizaji na askari kwa wakati mmoja, alikuwa na sababu ya kuyapamba. Mitaa, mavazi, magari na kuta anaweza kuziamini. Kuhusu aliyezitia sahihi zile hati, filamu haina jina la kumpa.